Sponji Isiyokalika

Syombua hakununua sponji kwa macho. Alinunua kwa makalio, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya mtu yeyote, awe pasta au mwenye duka. Ukienda naye Thika, kwa wauza magodoro, ungemwona anavuta kipande hadi katikati ya sakafu, anakikalia kwa kishindo, anafumba macho, halafu anainuka ghafla na kugeuka kukitazama. Kikirudi juu haraka, kizuri. Kikibaki na alama yake, alikisukuma kwa mguu: "Hiki kimekufa, kazikeni." Wauzaji walimwogopa. Viti alivyotengeneza pale Ruiru, nyuma ya stesheni, vilikaa miaka bila kubonyea, na watu waliokwisha kuhamia Nairobi bado walirudi kwake.

Basi mwaka wa tisini na sita, mdogo wake Mulei akarudi kutoka Malindi. Alikuwa ameenda kufagia hotelini, akajifunza kwa wageni ule mchezo wao wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi. Haiya! Kijana wa Kikamba aliyekulia Murera, ambako maji ni ya ndoo, sasa anaendesha bahari! Akawa stadi mpaka hoteli ikamwahidi kazi ya kuwafundisha wageni msimu wa Agosti, ila aje na ubao wake mwenyewe. Wa dukani haukushikika kwa bei. Mulei akasikia kwamba ndani ya mbao zile mna sponji tu, sponji iliyovikwa faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, akapanda basi kwenda kwa dada yake.

"Sista, hakuna mtu Kenya hii anajua sponji kukushinda," alimwambia.

Syombua alifurahi kusifiwa, lakini moyoni alikataa. Ndiye aliyemlea huyu kijana tangu mama yao afariki. Bahari aliiogopa kama nini sijui, na karakana ilikuwa tamu tangu Mulei aje: alimtania kila mteja, akabishana na dada yake kuhusu kila kitu, hata chumvi ya githeri. Hakutaka aende tena. Lakini pia hakutaka isemekane kwamba Syombua ameshindwa kuchagua sponji. Kwa hivyo alichagua, na alichagua kwa haki.

Tatizo ni kwamba alichagua kama fundi wa viti. Alikalia vipande Thika nzima, akarudi na heavy duty, ile ya godoro la maharusi, inayorudi juu kabla hujamaliza kuinuka. Mulei akaichonga kwa kisu cha mkate, ncha mbele, mkia nyuma. Adan, fundi wa bodi za magari mwenye yadi yake kule Thika, Eneo la Viwanda, akaivika kitambaa cha faiba na kuimwagia gundi. Ikakauka kuwa ganda gumu, ikang'aa! Wakaipeleka kwenye bwawa la shamba la kahawa nje ya Ruiru, wajaribu kama itaelea. Mulei akalala juu yake. Sponji ikabonyea, maana hiyo ndiyo kazi yake, na ganda lote likapasuka. Halafu ikanywa. Wuui, ilikunywa! Hata ng'ombe wa Yatta wakati wa ukame hawajawahi kunywa hivyo. Ilibidi watu waliokuwa wakinywesha mifugo wasaidie kuivuta.

"Syombua," Adan akasema akipangusa machozi ya kicheko, "wewe umewashonea samaki godoro."

Syombua hakucheka. Wakajaribu ile nyeupe ya punjepunje inayokuja na televisheni ndani ya katoni. Aliizamisha kwenye beseni, akaiwekea mawe juu, ikatoka kavu. Nyepesi, tena haibonyei ovyo. Mulei akarukaruka kwa furaha. Lakini siku ya kuivika, Adan alipomwaga gundi, sponji ilianza kuyeyuka. Ikajikunja, ikatoboka mashimo, ikaisha mbele ya macho yao, ukabaki uji mweupe na harufu ya kuwasha pua. Gundi ilikuwa imeila.

Mulei akaketi juu ya tairi. "Basi, Sista. Nifunze kushona viti."

Ndipo Syombua alipoona. Pembeni mwa yadi palikuwa na lori kuukuu la kubebea nyama, lile la baridi, limechanika ubavu, na katikati ya bati la nje na la ndani kulijaa sponji ya njano. Adan aliweka makopo yake hapo, na gundi ilikuwa imechuruzika juu ya sponji ile na kukauka. Haikuwa imeila. Syombua akaisogelea kama anayetafuta kivuli, akaibonyeza kwa kidole gumba. Kavu, ngumu, inatoa unga. Sponji ambayo angeifukuza karakanani. Ukiikalia inakuvunjikia na kukuwasha mapaja hadi Jumapili. Alijua palepale kuwa ndiyo hiyo, na akanyamaza. Akamshika ndugu yake mkono, wakaenda zao nyumbani, na Syombua alikuwa na furaha ya mwizi.

Furaha ile haikukaa. Mulei alishona vizuri, hakuna aliyelalamika. Lakini alikuwa akikubali kila kitu. Ukimwambia chumvi imezidi, imezidi. Ukisema imepungua, imepungua. Wateja waliingia na kutoka bila kutaniwa. Siku moja Syombua akamletea makusudi kipande kilichokufa, kimebonyea katikati kama sahani, akamwuliza kama kinafaa kiti cha mwalimu Ngina.

"Kinafaa, Sista," Mulei akasema, bila hata kukigusa.

Syombua akatupa sindano. "Hebu vaa viatu!"

"Kwani tunaenda wapi?"

"Vaa viatu, nimesema, kabla sijageuza nia!"

Alimpeleka Thika moja kwa moja, akamsimamisha mbele ya lori. "Chukua hii. Ni mbaya, hata mbwa hawezi kuilalia. Ndiyo inafaa."

Adan aliwaambia wabebe yote, ilikuwa ikimwasha siku nyingi. Wakakata vipande virefu, wakavigandisha pamoja na ubao mwembamba wa kiti ukipita katikati kama uti wa mgongo, wakachonga kwa msumeno na msasa huku wakipiga chafya na kujikuna. Tena waligombana! Syombua alitaka mkia mpana, Mulei mwembamba, na wateja wakaja kusikiliza. Gundi ilipomwagwa, wote watatu waliinama kutazama. Ikakauka. Hakuna shimo.

Bwawani ubao ukakaa juu ya maji, mwepesi kabisa. Mulei akalala, akapiga makasia kwa mikono, akasimama wima katikati ya bwawa ambalo halijawahi kuona wimbi. Syombua alikuwa ukingoni akipiga makofi na kumfokea arudi, yote kwa pamoja.

Alipotoka, maji yakimtiririka, Syombua hakuweza kujizuia. "Mulei, hiyo sponji niliiona siku ile nyeupe ilipoliwa. Nikanyamaza. Sikutaka uende."

"Najua. Hata mimi niliiona."

"Ati nini?"

"Nilikuona ukiibonyeza. Nikasema, kama Sista hataki niende, siendi. Nikangoja."

Syombua alimpiga kofi la mgongo lililosikika ng'ambo. Kisha akamkumbatia vilevile na maji yake, akalia bila kujificha.

"Mjinga wewe," akasema. "Unatakiwa huko lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi panda tena, nikuangalie vizuri."