Yai Juani

Mama mnunuzi wa mayai pale sokoni Malindi hakuwa na haraka. Alilishika yai kwa ncha za vidole vitatu, akaliinua juani, akafumba jicho moja. Likipitisha mwanga, alisema "haya" taratibu na kulilaza kwenye pumba za mpunga. Likiwa na kiza ndani alisema "viza," na mwenye yai alikwenda kulitupa mtaroni bila kulivunja, maana nani anataka kunusa uvundo ule, na mama yule, kwa miaka thelathini ya kulikodolea jua macho, hakuwa amekosea hata mara moja.

Asubuhi moja ya mwaka themanini na sita, Kahonzi alimletea kikapu kutoka Jilore, mayai ya juzi na jana. La kwanza viza. La pili viza. Kwenye la saba Kahonzi akaacha kulitazama yai, akamtazama mama machoni, akaona weupe ndani ya mboni. Aliujua: ndio uliomwingia babake. Daktari alimweleza marehemu babake kwamba ndani ya jicho mna kitu kiangavu kama ute wa yai. Umri na jua hukipika polepole, na kikishaiva hakirudi.

"Niwie radhi, mama," akasema, akalivunja yai lile kiganjani mwa mama.

Vidole vikakipapasa kiini: kizima, baridi, kimeviringana. Mama akakinusa. Ute ukamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Na yale ya Kadii, juzi?" akauliza. "Kikapu kizima kile nilichokikataa?"

"Aliyatupa, mama. Sote twayatupa, tangu mvua za vuli."