Tope la Chini ya Bwawa

Bwawa letu pale nje ya Bungoma lilichimbwa na Wazungu kwa kipimo chao: nyumba chache za maofisa, stesheni ya reli, maduka ya Wahindi, na bustani za maua zilizokunywa kuliko watu. Kila mwaka walilimwaga lote, wakalisugua na kulijaza tena, na mji haukulalamika, maana mji mzima ungeenea ndani ya kanisa moja. Miaka ya themanini, nilipohamishwa kutoka Kitale kuja kulitunza, nyumba zilikuwa zimefika Kanduyi na kupita, lakini bwawa lilikuwa lile lile. Kulifunga hata nusu siku kungeleta vita vya ndoo. Basi halikumwagwa tena. Mimi nilitazama maji ya juu yakimeremeta, nikatia dawa, nikarudi kwa redio yangu. Nilikuwa na cheti cha shule ya jioni, na katika jioni zote zile hakuna mwalimu aliyenikumbusha kwamba maji yana sakafu.

Aliyenionyesha sakafu hiyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, mchinjaji ambaye tumbo lake lilifika mlangoni dakika mbili kabla yake.

Ulikuwa mwaka wa tohara, mwezi wa nane. Kwetu kijana hupelekwa mtoni alfajiri, akaoga maji baridi, akapakwa tope mwili mzima, kisha akarudi uwanjani kwa baba yake kusimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Kila ukoo una mahali pake pa tope. Pa ukoo wa shemeji palikuwa chini ya bwawa langu, pale mto ulipozibwa. Mtoto wake wa kwanza alipakwa tope la kuazima kwa ukoo mwingine, akatikisika, na mpaka leo watu wakimwona sokoni wanatetemesha mabega. Sasa ilikuwa zamu ya wa pili.

"Shemeji, fungua hicho kitu," akaniambia.

"Na mji utakunywa nini?"

"Si wanywe soda. Ni siku moja tu, bana. Unataka mpwa wako naye achekwe?"

Nilimpeleka kwa bosi nikijua tutafukuzwa wote wawili. Bosi naye alikuwa wa huko huko kwetu. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Waambie wateja kuna matengenezo," akasema. "Jioni kesho kutwa maji yawe yamerudi."

Asubuhi iliyotangulia siku ya kisu nikaning'inia kwenye gurudumu la valvu ya chini, mimi na vibarua wawili. Lilikuwa limeshika kutu kama limechomelewa. Lilipokubali, bwawa lilitoa sauti ya mtu mzima anayecheua, na kilichotoka si maji. Kilikuwa uji mweusi. Harufu yake ilipanda, ikasimama, ikatushika mashati. Naapa kunguru waliokuwa juu ya mkaratusi walihamia Uganda.

Kufika saa nane mchana bwawa lilikuwa wazi. Shemeji alikuja na wanaume wa ukoo, na mzee mmoja aliyepakwa tope mahali pale kabla Mzungu hajaleta simenti. Tukasimama ukingoni. Mikebe ya dawa ya kupe, mingine bado na kifuniko. Mbwa, au kilichokuwa mbwa. Viatu vya mguu mmoja. Magunia yaliyovimba ambayo hakuna aliyetaka kuyauliza yamebeba nini. Na vitu laini, virefu, vyenye rangi ya kijivu, vilivyolala juu ya tope vikipumua mapovu. Hayo ndiyo nilikuwa natilia dawa. Hiyo ndiyo chai yangu ya kila asubuhi, na ya dada yangu, na ya wagonjwa hospitalini. Mate yalinijaa mdomoni nikakosa mahali pa kuyatema.

Mzee akanyoosha fimbo. "Ni pale. Penye zile pembe."

Palikuwa na kilima cha pembe na kwato. Machinjio ya shemeji yapo upande wa juu wa mto.

"Hizo pembe ni za nani, shemeji?" nikamuuliza.

"Ng'ombe ni wengi Bungoma."

"Wanakuja kufia hapa kwa miguu yao?"

Njuga zikasikika, mpwa wangu akatokea na kundi lake la waimbaji, shingo juu, akitoka kualika jamaa. Waimbaji walipofika ukingoni wimbo ulikatika wenyewe. Kijana alitazama chini.

"Baba," akasema polepole, "kisu sikiogopi. Ukiniambia nipakwe hii, nitapakwa. Lakini nikitapika uwanjani watasema nimeogopa."

Shemeji akavua viatu, akakunja suruali, akateremka mwenyewe. Alizama hadi magotini. Akachota tope kwa mikono miwili karibu na zile pembe, akalileta puani, na lile tumbo lote likaruka juu. Akatapikia tope la babu zake mbele ya ukoo mzima.

"Tutaenda juu," alisema alipopata sauti. "Juu ya machinjio."

"Na pale si petu," mzee akasema.

"Mto ni ule ule, mzee. Kule bado ni mto."

Mzee alinusa hewa, akakubali kwa kichwa.

Nilikimbia kwa bosi. Nilimwambia tope la tohara halihitajiki tena, lakini bwawa liko wazi, vibarua wapo, anipe siku mbili niondoe uchafu wote.

"Kwa sababu gani?" akauliza.

"Watu wanaunywa, bosi."

"Wameunywa miaka yote. Si ulisema tohara imehamia juu? Basi funga. Simu inalia tangu asubuhi."

Nikafunga. Mvua ya mwezi wa nane ikajaza bwawa, kufikia jioni ya pili lilikuwa linameremeta, na mji ukashukuru kwa matengenezo.

Alfajiri ya kisu mpwa wangu alikuja amepakwa tope jekundu linalonuka majani. Alisimama kama mlingoti. Shemeji alilia waziwazi. Jioni, maji yaliporudi, dada yangu akafungua mfereji, akaanza kuwapikia wageni chai, na mimi nikasema nimefunga.