Shangazi na Mshenga wa Saratani

Shangazi yangu alikuja kwangu Iyunga na gunia la viazi kutoka kijijini kwake Igowole, barua ya daktari ameifunga kwenye pindo la khanga. Saratani ya titi. Kivimbe bado kidogo, titi litolewe mapema. Yeye akakataa katakata. "Hakiniumi, mwanangu. Nakatwaje kitu kisichoniuma?"

Mimi nafanya kazi maabara, nachunguza saratani, na najijua: nikianza kueleza, sinyamazi. Nikamwambia saratani hii huua watu ikishahama, ikaingia kwenye mapafu, ini au mifupa. Na kwamba ndani ya seli kuna nyuzi ndefu za RNA, nakala za vinasaba, ambazo hazitengenezi protini yoyote. Zamani wataalamu waliona ni takataka tu. Leo tunajua baadhi yake ndizo zinazoisukuma saratani ihame.

"Hazizai kitu, halafu zinahamisha ugonjwa? Ala! Acha uongo wako."

Nikapandwa na hasira. "Shangazi, wewe umezaa wangapi?"

Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Shangazi hakuzaa. Watu wa Igowole walimsema mgumba mpaka alipoinyakua kazi ya ushenga, ambayo kwetu huachiwa wanaume, na tangu hapo posa haiendi bila yeye. Niliona aibu kweli, lakini nilishaanza, nikamalizia. "Hukuzaa hata mmoja. Lakini mabinti wangapi wamehama kwao kwa mdomo wako?"

Akaendelea kumenya viazi. Kisha akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

"Kumbe! Kwa hiyo kwenye titi langu kuna mshenga?"

"Huenda. Bado hatuwezi kumpima kila mgonjwa kwa hizo RNA tukajua mshenga yumo au hayumo. Ndiyo maana hatusubiri."

Hapo kicheko kikakatika. "Mshenga anayejua kazi hapigi kelele," akasema. "Mimi ukisikia nimebisha hodi, ujue mambo yameshaiva ndani."

Wiki iliyofuata alitia saini fomu ya upasuaji. Matezi ya kwapani yalipochunguzwa, yalikuwa safi: saratani ilikuwa haijahama. Nilimpelekea habari wodini huku nalia kwa furaha. Akanishika mkono, bandeji kifuani.

"Hizo zako zisizozaa," akaniuliza, "bado mnaziita takataka?"

"Hapana, Shangazi."

"Afadhali nyie. Igowole walichelewa."