Maua ya Kumuaga Nesi Odilia

Marieta, jirani yangu hapa Nambis, hachagui ua kabla hajakuuliza maswali. Ukitaka maua ya kipaimara atakuuliza gauni lina rangi gani, na nani atamshika mtoto bega kanisani. Kadi nazo ni hivyo hivyo. Anazo kwenye bahasha ya kaki, za harusi, za ubatizo, za pole, na hakuuzii mpaka maneno ya ndani yasomwe kwa sauti. Kama hujui kusoma, anakusomea yeye.

Maua analima mwenyewe kando ya kijito: dalia nyekundu na za njano, na yale meupe yenye umbo la faneli yanayopenda maji. Ila kipande ni cha mama mkwe wake, Bibi Fransiska, na Bibi anataka kupanda vitunguu saumu.

Mwaka jana mambo yaliharibika. Mvua ya mawe ilipiga maua yote siku mbili kabla ya harusi ya binti wa mzee Urban. Marieta hakutaka kumwangusha bibi harusi, akaenda kwenye shamba la pareto, akachuma yale maua meupe yenye kiini cha njano, akayafunga utepe. Kwa macho yalipendeza kweli. Lakini pareto ni dawa ya wadudu. Bibi harusi alipoyasogeza karibu na uso alianza kupiga chafya, akapiga mpaka padre akasimama kumngoja. Toka siku hiyo vijana wakimwona Marieta wanamwambia, "Mama, nyumbani kuna viroboto, tufungie shada moja." Watu wakarudi kwenye maua ya plastiki ya mjini, yanayofutwa vumbi yakatumika tena.

Mwaka huu Nesi Odilia, aliyetoka Songea na kukaa kwenye zahanati yetu miaka kumi na tisa, akafikia kustaafu. Belinda wangu alizaliwa mikononi mwake. Kamati ya kumuaga ikaundwa, na Bibi Fransiska akamwambia mkwewe, "Pata kazi ya maua ya Nesi. Ukiikosa, Jumatatu naingiza jembe."

Tukaenda wote kwa mwenyekiti wa kamati, Mzee Agustino, mimi na Belinda mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Vicent, umetuletea dawa?" akamwuliza Marieta.

Wanakamati wawili waliokuwa naye wakacheka. Marieta akangoja wamalize.

"Nimekuja kuomba kazi ya maua."

"Tumeshaagiza ya plastiki. Hayanyauki."

"Na kadi?"

Mzee akaitoa. Ilikuwa kubwa, ina mioyo myekundu, ukiifungua inatoa muziki. Marieta akaisoma kwa sauti: "Mpenzi wangu, tangu nikuone silali." Akaifunga, muziki ukanyamaza. "Mzee, hii ni ya mtu na mchumba wake."

Mzee Agustino akavaa miwani, akaisoma mwenyewe, akakohoa.

"Mama nyumbani akiiona hii, utalala zizini," mwanakamati mmoja akamwambia.

"Mimi niliangalia rangi tu," akasema mzee. Akavua miwani. "Haya. Lete ya kwako Jumamosi. Tukiona hayafai, plastiki ipo."

Kadi aliyoichagua Marieta ilikuwa na picha ya njia tu, ndani haina neno. Akaizungusha nyumba kwa nyumba na kalamu, kila mama akaandika jina la mtoto aliyezalishwa na Nesi. Wasiojua kuandika aliwaandikia. Ndani pakajaa, tukahamia nyuma.

Maua ndiyo yalimsumbua. "Songea ni siku mbili kwa basi," aliniambia. "Dalia zitafika zimekufa. Nitampa nini cha kushika?" Alifikiri hilo siku mbili nzima, kisha akaenda kwa mtu ambaye mimi nisingemwendea.

"Mama," alimwambia Bibi Fransiska, "zamani mtu wenu mwema akihama mlimpa nini mkononi?"

Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. "Majani mabichi, aende na amani. Unaniuliza kama hujui."

"Najua ni majani. Sijui ni yapi."

Jumamosi alfajiri nikawakuta wote wawili kijitoni. Bibi ameinama na fimbo yake, anachuma nyasi ndefu laini zenye umande, anazikagua moja moja. "Hii hapana. Hii ncha imekauka. Kavu unampa nani?" Nikaona Marieta hakuwa peke yake wa kuchagua katika nyumba ile.

Kwenye sherehe, shada lilikuwa la dalia nyekundu, na nyasi zimefungwa pembeni. Mwalimu mmoja kijana, mgeni, akaninong'oneza, "Kwani hawajamaliza kupalilia?" Mzee Agustino alipoona majani akavua kofia, na wazee waliokuwa wameketi wakasimama.

Nesi Odilia alikuwa amekaa nasi miaka mingi, alielewa. Dalia akazilaza mezani, nyasi akazishika kwa mikono miwili. Baadaye akafungua kadi, akaanza kusoma majina. "Huyu alitanguliza miguu," akasema. "Huyu mama yake alinitukana." Watu wakacheka. Akaendelea mpaka nyuma, hakuruka jina hata moja. Maua ya plastiki yalibaki kwenye boksi.

Jumatatu asubuhi Bibi Fransiska akaja shambani na jembe. Marieta alikuwa ameshatangulia.

"Kazi niliipata, mama."

"Uliipata. Lakini nyasi ni zangu."

Bibi akachora mstari kwa mpini wa jembe, kuanzia kwenye jiwe hadi ukingoni. Upande wa juu ni saumu. Upande wa maji, maua na nyasi. Nikaona kabisa kwamba upande wa maji haufiki nusu, na Marieta naye aliona.

"Huu ni wangu, mama? Hata mwakani?"

"Nimechora, si nimechora?"

Marieta akapiga magoti, akaanza kung'oa mizizi ya dalia iliyoangukia upande wa saumu, akiihamisha mmoja mmoja na kuipanda karibu karibu kuliko kawaida. Hakuacha hata mmoja.