Maji ya Mvua ya Kwanza

Nepi za mwanangu ndizo zilizonionyesha tunachovuta hapa Kihesa. Mwezi wa saba, baridi ilipokaza na kila nyumba ikaingiza jiko la mkaa ndani, nilizianua zikiwa na masizi meusi yanayonata kama mafuta. Mwezi wa tisa watu walichoma mashamba, zikajaa majivu. Wa kumi, vumbi jekundu. Uchafu ulibadilika na msimu; mtoto alikohoa misimu yote.

Nilimfuata jirani aliyekuwa anachoma mabua nyuma ya chumba changu.

“Dada, mtoto wangu hapumui.”

“Vumilia, mdogo wangu. Mvua ikinyesha itaosha yote. Mbona sisi tumekulia kwenye moshi huu huu?”

“Na mlizika wangapi?”

Alisukumia mabua mengine motoni.

Mvua ya kwanza ilipokuja, niliweka beseni jeupe katikati ya uwanja, mbali na bati, ili nione hayo maji ya kuosha. Yalikuwa meusi. Nikayamwaga mlangoni kwake, nikarudi ndani. Mtoto alikuwa anakohoa vilevile.