Hamsini na Tisa

Mtaani walimwita Mama Mistari, fundi cherehani mjane. Hata vitunguu vya kupikia alivipanga safu kwanza, na ukimcheka alikwambia fujo ni ndugu wa uvivu. Alishona mablanketi ya viraka. Kuhesabu moja moja kulimchosha. Yeye alipanga tu. Kitambaa kilichokatwa vizuri, aliamini, lazima kitimie katika safu fulani.

Siku hiyo kazi ilikuwa mahameli ya mteja, ya bei ya kuuma, na mkamwana wake aliyeishi naye ndiye aliyeikata vipande. Mama akavipanga sakafuni viwili viwili: kikapungua kimoja. Vitatu vitatu: kikapungua kimoja. Vinne, vitano, hata sita, safu ya mwisho ilikuwa na pengo lile lile la kipande kimoja. Akamgeukia mkamwana.

"Kimoja umejishonea kipochi," alisema, mlango wazi, majirani wanasikia.

"Mama, nilikuhesabia mbele yako. Ni hamsini na tisa."

"Vipande havidanganyi. Wewe ni mwizi."

Maji yalikwisha kumwagika. Kabla ya adhuhuri mkamwana alifunga mizigo yake akaenda kwao, wala hakubamiza mlango.

Mama akatafuta ushahidi wa kumkomesha kabisa. Akamwaga kopo la vifungo vyake mwenyewe, akahesabu hamsini na tisa kamili, aonyeshe kuwa idadi hiyo hutimia katika safu, akavipanga. Viwili viwili, kikapungua kimoja. Akadhani ni macho. Vitatu, vinne, vitano, sita: pengo lile lile. Saba saba, vikabaki vitatu. Akaendelea huku jasho likimtoka, safu za kumi, safu za kumi na tatu, na hakuna iliyotimia. Idadi ile haikubali kugawika safu sawa hata ufanyeje, labda uiache yote mstari mmoja. Na vifungo hakuna aliyeviiba.

Kumbe pengo lilikuwa la namba yenyewe, naye amemtwika binti wa watu wizi usiokuwepo.

Akampigia simu mkamwana. "Mwanangu, hakuna kilichoibwa. Nimehesabu vifungo."

"Vifungo umevihesabu, mama," mkamwana akajibu taratibu. "Vitambaa nilikuhesabia mimi, hukunisadiki. Nimekusamehe, na kukusalimia nitakuja. Kuishi hapo tena, hapana. Mwanao akirudi safari, mwambie anifuate huku."