Posa Iliyojileta Yenyewe

Nikipita mtaa wa Wabera mpaka leo kuna watoto wanatoka mbio kwenye mageti ya mabati wakiniuliza, "Dereva ako wapi?" na mimi nacheka nao, kwa sababu nikikasirika watajua nimeumia, na ukweli ni kwamba nimeumia. Sasa keti nikuambie mimi mwenyewe kabla hujaisikia kwa Guyo, maana Guyo akiisimulia huwa nakimbia huku suruali inaanguka, na walahi suruali haikuanguka, hiyo ameongeza.

Mimi nauza spea za magari ya zamani pale Bulla Pesa, na nina kigari changu, wagoni ya gia za mkono, kuukuu lakini inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na ukitaka tukosane idharau hiyo gari. Ina kasoro moja tu, mlango wa dereva haufunguki kutoka nje, kishikio kilikatika zamani (naam, mimi muuza spea, cheka tu), kwa hivyo huwa napitisha mkono dirishani nafungua kwa ndani, na kioo kikiwa juu inabidi nizunguke niingilie upande wa abiria. Huo mlango usiusahau, tutaurudia.

Siku hiyo tulikuwa tumeenda kumposa Habiba. Habiba alikuwa anakuja dukani kununua filta za lori la babake, halafu akawa anakuja hata lori likiwa halina shida yoyote, na nikaanza kufunga duka nikiwa nimechelewa kwa makusudi, basi mambo yakawa mambo. Lakini babake, Haji Wario, alikuwa ameshawarudisha wachumba wawili, na yule wa pili hakuwa na kosa lolote ila mdomo. "Anaongea sana," mzee alisema, na ikaisha hapo, hata chai hawakumaliza. Kwa hivyo unaelewa nilivyokuwa nimeshika roho mkononi, Habiba mwenyewe alikuwa ameniambia, "Wakikurudisha wewe, hakuna mwingine nitamngoja, lakini babangu sitamvuka."

Na kawaida ya kwetu, anayeposa hasemi neno. Wazee ndio wanasema, wewe unakaa huko mbali unaangalia viatu vyako. Abti, yaani kaka ya mama yangu, ndiye alikuwa msemaji wetu, na tulipokuwa njiani alinigeukia akaniambia, "Leo una kazi mbili, kuendesha na kunyamaza. Ya kwanza najua unaiweza."

Tukafika kwao Wabera. Wazee wakaketi kwenye mikeka katikati ya ua, chini ya turubai, na nyuma yao kulikuwa kumetundikwa leso kama pazia, na nyuma ya leso ndiko wanawake walikuwa, harufu ya buni zinazokaangwa kwa samli inakuja mpaka getini. Mimi niliachwa hapo getini na gari, pua yake ikitazama ndani, zawadi zote zikiwa nyuma kwenye buti, gunia la sukari, majani ya chai, buni, tumbaku ya wazee, tungoje tukiitwa tuzishushe. Vioo nilikuwa nimevipandisha kwa ajili ya vumbi. Nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa naendelea vizuri sana.

Ndipo akaja Guyo, kaka ya Habiba, na pikapu yake kuukuu imesimama hapo kando, ile anayobebea vitunguu na nyanya kutoka Rapsu. Akaizunguka gari yangu polepole, mikono nyuma, kisha akauliza, "Hii ni fowili ya kweli, magurudumu yote manne, ama ni stika tu?"

Hapo, ndugu yangu, hapo ndipo ningemeza mate niangalie viatu. Lakini nikasema, "Ni fowili."

"Gia yake ya pili iko wapi?" akauliza. "Yangu iko na fimbo mbili za gia, hii ndefu na hii fupi. Nikifika matope ya Rapsu nashuka, nazungusha hivi vifuniko vya magurudumu ya mbele, navuta hii fupi, mbele na nyuma zinafungwa pamoja, natoka. Hii yako inafanya nini?"

"Inajifanyia," nikamwambia, na sauti yangu nikaisikia imeanza kupanda. Nikamweleza (nani alikuwa ameniuliza?) kwamba pikapu yake haina difu ya katikati, yaani zile gia za kugawa nguvu kati ya magurudumu, ndiyo maana akisahau kuachilia ile gia fupi kwenye lami, akikata kona gari inang'ang'ania na matairi yanalia, lakini yangu ina difu tatu, ya mbele, ya nyuma, na ya tatu iko ndani ya giaboksi yenyewe, inaacha mbele na nyuma kila upande utembee mwendo wake, huko kwenye kona ni starehe tupu.

"Hiyo ya katikati ndiyo ugonjwa," Guyo akasema. "Difu inapeleka nguvu pale pepesi. Inua tairi moja tu hewani, litazunguka peke yake mpaka Idi, na gari haisongi hata kidogo."

"Ingekuwa tupu, sawa. Lakini ndani kuna kikombe kimezibwa, kina mafuta mazito. Mbele ikizunguka peke yake, yale mafuta yanapata moto, yanakaza, nguvu inarudi nyuma, gari inatoka."

"Kama haijakufa."

"Haijakufa!"

"Kitu mzee hivi?" akasema, akaipiga gari yangu kofi la mgongo kama mtu anayeaga ng'ombe anayeenda kuchinjwa. Binamu zake wawili waliokuwa kwenye kivuli wakacheka, na mimi nikaenda kutoa jeki.

Najua. Usiniangalie hivyo. Kwenye mikeka pale Abti alikuwa ameshaanza, namsikia kabisa anasema, "Sisi tumekuja kwa heshima," na mimi niko chini ya gari na nguo nyeupe za kuposea, nainua gurudumu la mbele. Nikaingilia upande wa abiria, nikawasha, nikaachilia handibreki, nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi pole pole. Gurudumu lililo hewani likazunguka vizuri, vuuu, na gari ikatulia pale pale. Nikangoja yale mafuta yapate moto. Nikangoja. Vijana wakaanza kuhesabu kwa sauti. Guyo akainama dirishani akasema, "Shemeji, shuka ujionee maiti."

Aliniita shemeji! Neno nililokuwa naliota, analitumia kunizika nalo. Nikawa nimechanganyikiwa kwa aibu mpaka nikafungua mlango wa dereva, nikashuka, nikaufunga nyuma yangu kwa adabu, na gari nikaiacha inaunguruma ndani ya gia ya kwanza (na ilikuwa haizimi ovyo, fundi alikuwa amepandisha kidogo mwendo wa injini). Nikainama kuangalia chini, na huku nainama nikasikia sauti ya gurudumu ikibadilika, ikawa nzito.

Yale mafuta yalikuwa yamepata moto.

Gari ikaruka kutoka kwenye jeki, ikatua, ikaanza kwenda zake. Sio mbio. Afadhali ingekuwa mbio, mtu angesema ni ajali. Ilikuwa inatembea, kama mgeni anayejua anakokwenda, na mimi niko kando yake navuta mlango ambao haufunguki, kioo kiko juu, nausukuma kwa bega, nauomba kwa jina la Mungu, halafu nikakumbuka upande wa abiria nikakimbia kuzunguka kwa nyuma, nikajikwaa kwenye ile jeki, nikaenda chini kifudifudi. Nilipoinua kichwa nikasikia Abti, aliyekuwa ameipa mgongo geti, anasema kwa ile sauti yake nzuri ya mikutano, "Kijana wetu ni mtulivu. Hana maneno mengi. Na gari akilishika, hata chai hutaona ikimwagika."

Gari ikapita katikati yao. Haraka zile nilizoziona kwa wazee wenye magoti mabovu sijawahi kuziona tena, kila mtu ameshika kikoi chake, vikombe huku, birika kule, na kila mmoja anaangalia kiti cha dereva, anaona usukani peke yake. Mzee mmoja akasema tu, "Subhanallah," akavuta tumbaku yake karibu. Gari ikaingia kwenye zile leso, ikazivaa, ikaendelea.

Nilisikia wanawake wakipiga kelele, na sasa haikuwa tena mambo ya aibu. Nikainuka nikakimbia kuelekea huko. Injini ikazima.

Nilipofika, gari ilikuwa imesimama mbele tu ya jiko la buni, na mlango wa abiria uko wazi, na ndani, amepiga goti kwenye kiti, mikono imejaa samli, alikuwa Habiba, ambaye siku hiyo hakutakiwa kuonekana na mgeni yeyote, ameshika ufunguo wangu. Aliniangalia nilivyojaa vumbi, pua inatoka damu. "Uko sawa?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa tu, siku nzima hiyo ndiyo mara ya kwanza nilinyamaza nilipotakiwa.

Haji Wario akaja nyuma yetu. Akaangalia gari, akaangalia buti lenye sukari na buni, akamwangalia binti yake, akaniangalia mimi kwa muda mrefu mpaka nikatamani anipige tu yaishe. Kisha akamgeukia Abti. "Posa za watu zinaletwa na watu," akasema. "Yenu imejileta yenyewe mpaka jikoni." Na bibi yake Habiba, akko mwenye meno mawili, akaanza kucheka, na akko akicheka nyumba hiyo yote inacheka, na mzee naye akashindwa.

Walitupa Habiba. Lakini mzee alimwambia Abti mbele ya watu wote kwamba ametoa kwa sharti moja: binti yake akiwa ndani ya hiyo gari, ufunguo ashike binti mwenyewe. Abti akakubali kabla hata hajaketi, hakuniuliza, na siku ya harusi bwana harusi nilitolewa Wabera nikiwa kiti cha abiria.

Tangu hapo nimeapa, mbele ya wakwe, difu ni kitu sikijui. Juzi tu tulikuwa kwao tunakunywa chai, Guyo akaanza tena, ati siku ile gari iliteleza tu kwenye jeki, kile kikombe cha katikati kilikufa zamani. Na wewe umesikia, mimi na Mungu wangu tunajua, nilikuwa sahihi! Kila neno nililosema siku ile lilikuwa sahihi! Nikafungua mdomo. Habiba akaangalia ufunguo ulio mbele yake mezani, halafu akaniangalia.

Nikamwambia Guyo chai yao ni tamu sana.